Seva ya nyumbani hapa Bukavu: shajara ya kazi, na vile familia itapata vitu hata kama sipo

Naandika hii kwa mwenye atapenda kuiga, na pia kwa mimi mwenyewe ju kesho kutwa nitasahau kwa nini nilifunga waya gani wapi. Mradi wenyewe ni kompyuta moja ndogo ndani ya nyumba, huku Ibanda, yenye kuweka picha za familia, skani za makaratasi (za parsele, yaani kiwanja, diploma, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, cheti cha ndoa) na maneno ya siri. Sharti ni moja na ndilo limenitoa jasho kuliko mengine yote: mama watoto na binti yetu mkubwa, Ushindi, wapate kila kitu bila mimi. Niwe safarini, niwe mgonjwa, niwe nimekufa, sawa tu.

Mtu wa Kivu haombi maelezo marefu ya kwa nini. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tarehe 22 usiku, tarehe 27 watu wa Goma wakaambiwa watoke, dada yangu akapanda boti akafika kwetu na watoto na begi la nguo, makaratasi yote yakabaki kule. Na hapa kwetu Bukavu, kule Kadutu, nyumba ya mbao ikishika moto huwa haiungui peke yake.

Bei zote naziweka kwa dola, zile nilizolipa mimi, wewe utabishana na muuzaji wako.

08/07/2023 – Mashini na diski

Nilianza kwa kutafuta kile kibao cha Raspberry Pi ju hakili umeme, lakini kilikuwa kimeadimika na bei imepanda, tena mwenye anaendesha mfumo juu ya kadi ya SD na umeme wa kukatika-katika anatafuta matatizo, hivyo viwili haviishi nyumba moja. Nikachukua mtumba: Lenovo ThinkCentre M710q, i5, RAM 8 GB, SSD 256 GB, dola 130. Ikiwa imetulia inakula wati 12 hivi. Inaingia mkono mmoja, haina kelele, na chaja yake ni ya volti 20 kama ya laptopu, jambo lenye litatusaidia mbele.

Diski nilitaka mbili za nje, za 2 TB. Hapa njo pa kukaa macho. Muuzaji alikuwa na ya mtumba ya dola 40, nikamwomba niichomeke kwenye laptopu yangu palepale dukani, nikaita smartctl, programu ya kupima afya ya diski (diski ya USB mara nyingi inadai uongeze -d sat ndiyo ikubali kusema). Mistari ya kuangalia ni mitatu: Reallocated_Sector_Ct, Current_Pending_Sector na Power_On_Hours. Ile ya katikati ilikuwa 48. Maana yake kuna sehemu 48 diski imejaribu kusoma imeshindwa na bado inangoja kuona itafanya nini nazo. Muuzaji akaniambia, "Mzee, hiyo ni namba ya kiwandani." Nikamrudishia. Nikalipa 150 kwa mbili mpya. Kwa kompyuta mtumba hauna neno, kwa diski sitaki tena hata kusikia.

22/07/2023 – Debian, na kufuli lenye lilinifungia nje

Kuweka mfumo hakuna hadithi: Debian 12 (ni aina ya Linux), ile iliyotoka Juni 2023, bila skrini ya kubofya-bofya, SSH tu (kuiamuru kwa maandishi toka kifaa kingine), anwani moja ya IP isiyobadilika ndani ya ruta. Saa moja imeisha. Ndani ya BIOS (mipangilio ya mashini yenyewe kabla mfumo haujawaka) hakikisha umeweka kwamba umeme ukirudi mashini ijiwashe yenyewe, watu wengi wanasahau hapo halafu wanashangaa.

Hadithi iko kwenye kufuli. Nilifunga diski yote kwa LUKS (kufuli la Linux, bila neno la siri diski haisomeki), hata ile ya mfumo, ju kila maelezo unayosoma yanakwambia ufanye hivyo. Usiku wa kwanza umeme ukakatika, ukarudi saa tisa, mashini ikajiwasha vizuri, ikafika pale pa kuuliza neno la siri ikakaa. Ikakaa mpaka mimi nikaamka. Hakuna picha, hakuna kitu. Na hapa Bukavu umeme kukatika si habari ya kusimulia, siku ambazo chupa za plastiki zinatoka ziwani zinaenda kuziba mitambo ya umeme kule Ruzizi mji mzima unajua.

Kuna dawa yake, inaitwa dropbear-initramfs, inakuruhusu uingie kwa SSH kabla mfumo haujafunguka, uandike neno la siri toka kwenye simu. Niliiweka, inafanya kazi. Halafu nikajiuliza: nikiwa Uvira kwa wiki nzima, mama watoto njo atafungua SSH? Hapana. Nikaitoa.

Nikakaa nikafikiria mwizi ni nani. Mwizi wa kwetu akiingia anabeba mashini, kesho yake iko sokoni imefutwa, picha za ubatizo hana haja nazo. Kwa hiyo sasa mfumo hauna kufuli, picha hazina kufuli, na kuna kisehemu kimoja kidogo cha LUKS cha GB 20 chenye makaratasi na maneno ya siri, kinafunguliwa kwa mkono tu. Umeme ukikatika picha zinarudi zenyewe, makaratasi yanangoja mtu. (Hii nayo nimekuja kuibadilisha, soma mbele.)

19/08/2023 – Umeme

Nilinunua onduleri ya dola 55, ya 650 VA. Inashika dakika chache halafu inapiga kelele nyumba nzima inaamka. Ni kitu cha kukupa muda wa kuzima kompyuta vizuri, kwa mji wenye umeme unaweza kwenda tangu asubuhi mpaka jioni haina maana. Niliiuza 20.

Basi nikafanya hesabu. Seva wati 12, diski 3, ruta 8, jumla 23. Mara masaa 24 ni kama wati-saa 552. Batri ya gel ya volti 12, Ah 100, kwa karatasi ni wati-saa 1,200, lakini batri ya risasi ukiimaliza mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo nahesabu nusu, 600. Toa kinachopotea njiani, inabaki karibu siku moja nzima bila umeme. Inatosha. Batri 140, chaja ya ampea 10 ni 30, na kile kidude cha kupandisha volti toka 12 mpaka 20 ni 12. Hakuna kugeuza umeme kuwa 220 halafu kuurudisha tena chini, unatoka batri unaingia mashini moja kwa moja.

Ikafanya kazi mchana kutwa, jioni seva ikaanza kujizima na kujiwasha. Batri ukiipima ni volti 11.9, si mbaya. Nikapima upande wa pili wa waya, pale inapoingia kwenye kidude, seva ikiwa inapiga kazi: 10.8. Volti moja na zaidi imepotelea ndani ya waya! Fundi alinipa zile waya nyembamba za spika, za milimita za mraba 0.5, na toka batri mpaka mezani ni mita tatu, kwenda na kurudi sita. Waya wa namna hiyo una omu 0.21 hivi, pitisha ampea 5 umeshapoteza volti 1. Na kile kidude volti ikishuka kinavuta ampea nyingi zaidi ili kupata wati zilezile, ndiyo inazidi kushuka, ndiyo waya unapata joto. Kuugusa tu ningejua.

Nikaweka waya wa milimita za mraba 4 na fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na batri (karibu na batri, si karibu na seva, fyuzi inalinda waya). Dola 9 zote. Sasa upotevu ni volti 0.13, na toka siku hiyo haijajizima tena. Ruta nayo niliipa kidude chake cha kuituliza kwenye 12 ju chaja ikiwa inajaza batri inapanda mpaka 14 na kitu, ruta za bei rahisi sijui kama zinapenda.

16/09/2023 – Picha

Kwa picha nilijaribu Nextcloud kwanza. Ni nzuri, inafanya kila kitu, kalenda, anwani, mafaili, lakini kwa kuangalia picha mama watoto alisema "hii inachelewa kuliko WhatsApp" na hukumu ikawa imetolewa. Nikaweka Immich. Inafanana na yale wamezoea kwenye simu, inatambua sura za watu, bibi yetu inamtafuta yenyewe toka picha za zamani mpaka za juzi. Onyo: wakati ule, 2023, wenyewe walikuwa wanasema bado iko kwenye matengenezo makubwa na usiitumie kama mahali pa pekee pa kuweka picha zako. Niliwaamini. Wiki ile inasoma sura kwa mara ya kwanza mashini ilikuwa inaunguruma, weka hiyo kazi wakati umeme upo.

Matatizo mawili yalikula muda.

La kwanza simu. Simu za kwetu nyingi zinaua programu iliyo nyuma ili kubana chaji, kwa hiyo picha hazipandi. Unaona "imekamilika" kwenye simu ya binti, kwenye simu ya mama watoto picha za mwezi mzima hazipo. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya betri ya kila simu na kuiambia hii programu iachwe huru, na kumfundisha mwenye simu kuifungua mara moja jioni akiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Megasi za mtandao wa simu hazitumiki kwa hilo, nimezuia.

La pili ni picha za WhatsApp. Nusu ya picha za familia yetu zimepita huko, na WhatsApp inapopitisha picha inapunguza ukubwa na kufuta zile habari za ndani, tarehe na mahali. Ndiyo maana harusi ya 2018 ilitokea kwenye orodha kana kwamba imefungwa juzi. Bahati ni kwamba tarehe ya kupokea inabaki kwenye jina la faili, IMG-20180714-WA0031 kwa mfano, na programu ya exiftool inaweza kuisoma pale na kuiandika ndani ya picha. Fanya kwanza juu ya kopi. Picha za karatasi, zile za babu amesimama kando ya baisikeli, niliziskani kwa dpi 600 na mwaka nimeandika kwa kuuliza wazee, wengine wakakataana palepale.

14/10/2023 – Kuingia toka nje

Kifupi: haiwezekani kufungua mlango wa ruta ju mtandao wetu hautupi anwani yetu wenyewe. Angalia IP yenye ruta imepewa upande wa nje, ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 umewekwa pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja, unaweza kufungua milango mpaka kesho hakuna atakayefika. Nikaweka Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya siri kupitia intaneti, inajitafutia njia yenyewe. Robo saa, bure.

Yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) wa Lubumbashi nilimtumia mwaliko. Akaniuliza, "Sasa mdogo wangu, mimi niweke programu ingine ili nione picha zenye unaweza kunitumia hapa hapa?" Ana haki. Njia ya nje nimeiacha yangu peke yangu.

25/11/2023 – Mazoezi ya kwanza ya "Papa hayupo"

Hapa njo mradi ulipinduka.

Nilikuwa nimejenga kitu kizuri sana. Maneno ya siri yote nilikuwa nimeyahamishia ndani ya Vaultwarden, programu ya kuyatunza, na kuingia ni kwa neno la siri pamoja na ile namba ya tarakimu sita yenye inabadilika kila sekunde 30. Kile kisehemu cha LUKS nilikipa ufunguo mrefu na nikaugawa vipande vitatu kwa ile hesabu mtaalamu wa mambo ya siri, Adi Shamir, aliitoa 1979: vipande viwili vyovyote vikikutana ufunguo unapatikana, kimoja peke yake hakisemi kitu. Kimoja kwa mama watoto, kimoja kwa binti, kimoja kwa yaya Lubumbashi. Nilijivuna nacho, siwezi kuficha.

Nikawaambia: leo mimi sipo. Nataka mnipatie skani ya parsele na neno la siri la barua pepe yangu. Nikakaa barazani na chai. Ili iwe kweli nilikuwa nimezima kila kitu usiku, batri nimeitoa, na ruta haina megasi, ju siku ya msiba ndivyo huwa, hakuna mtu anakumbuka kununua forfeti.

Binti akawasha seva. Akafungua Vaultwarden kwenye simu, onyo jekundu likatokea kwamba tovuti si salama ju cheti nilijitengenezea mwenyewe, akaogopa, akaita mama yake, wakapita. Neno la siri likakubaliwa. Namba ya tarakimu sita ikakataliwa. Wakaandika nyingine, ikakataliwa. Kumbe kale kabetri ka duara, CR2032, ndani ya mashini ya mtumba kamekufa zamani. Umeme ukitoka kabisa saa inasimama, na bila intaneti seva haina pa kuulizia saa. Debian ikaendelea na saa ya mwisho iliyokumbuka, ya jana usiku. Namba zinategemea saa. Simu iko leo, seva iko jana, hawawezi kuelewana.

Wakaacha hiyo wakaenda kwenye vipande. Binti anacho chake, mama watoto chake hakionekani (kilikuja kutoka ndani ya Biblia jioni), wa Lubumbashi simu iko kwenye chaji imezimwa.

Basi binti akafanya jambo ambalo mtu yeyote angefanya. Akachukua diski ya kopi, akaichomeka kwenye laptopu yake ya Windows. Windows haijui LUKS, haijui ext4 (mpangilio wa diski wa Linux), kwa hiyo ikamwambia kwa upole kabisa kwamba ili kutumia diski hii inabidi kwanza kuiformati, na kitufe kiko pale. Kidole kilikuwa tayari juu yake. Nikaruka toka barazani.

Mama watoto alisema kitu kimoja tu: "Papa Ushindi, hii umeifunga dhidi ya nani?"

Usiku ule niliandika upya mpango wote. Hesabu yangu ilikuwa imeanzia pabaya: nilipanga kana kwamba siku sipo seva itakuwa inawaka na mtu atakuwa anaitunza. Hakuna atakayeitunza. Batri itakufa, mtoto wa jirani ataombwa "aangalie", ataiwekea Windows. Seva ni chombo changu mimi mzima. Kitu cha familia ni diski yenye inafunguka kwenye laptopu yoyote, na karatasi.

06/01/2024 – Mpango mpya

Diski ya tatu, dola 75. Imeformatiwa exFAT, ndiyo mpangilio wa diski ambao Windows, Mac na Linux zote zinasoma bila kuuliza. Ubaya wake ni kwamba ukiichomoa ghafla wakati inaandika inaweza kuharibika, kwa hiyo anayeiandika ni seva peke yake, mara moja kwa mwezi, kwa rsync (programu ya kunakili mafaili), halafu inatolewa inawekwa kabatini. Ndani hakuna programu yoyote ya kuweka. Kuna folda mbili: PICHA, zimepangwa kwa mwaka, na MAKARATASI, zote PDF. Hazina kufuli.

Ndiyo, hata skani za parsele hazina kufuli. Karatasi yenyewe iko ndani ya kabati yenye ufunguo unaning'inia mlangoni, kwa nini skani yake niifungie kuliko karatasi? Na mtu asidanganyike, skani haimpi mtu parsele. Kwa sheria yetu ya tarehe 20 Julai 1973 ni ile sertifika d'anrejistreman (cheti cha kuandikishwa kwa ardhi) njo inahesabika. Faida ya skani ni zile namba mbili zilizoandikwa juu yake, volimi (kitabu) na folio (ukurasa). Karatasi ikiungua, mwenye ana volimi na folio anajua pa kuelekeza anapofika ofisi ya mambo ya ardhi, asiyenazo anaanza kueleza historia ya babu. Kwa hiyo nimeskani pande zote mbili, mihuri ionekane, na volimi na folio nimeziandika kwenye jina la faili lenyewe.

Baba mdogo alipinga. "Mwanangu, karatasi ya shamba haionyeshwi kwa mashini." Tukakubaliana: za shamba la Kabare zimebaki kwake, mimi nimeandika tu ziko kwa nani.

Maneno ya siri yako kwenye karatasi, ndani ya anvelopu mbili zilizofungwa kwa gundi na sahihi yangu juu ya mshono. Moja ya mama watoto, moja ya binti. Ya Lubumbashi hakuna tena. Nampenda yaya wangu, lakini tunajua vile inakuwa kwetu mtu akifa, kaka zake wanafika kuuliza makaratasi kabla matanga hayajaisha, na mjane anaanza kutafuta vitu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nataka mama watoto awe tayari anavyo mkononi siku hiyo, wengine waulize kwake.

Vaultwarden imebaki kwa matumizi ya kila siku. Ina njia ya dharura, unamtaja mtu, akiomba kuingia unapewa siku kadhaa za kukataa, usipokataa anaingia. Nzuri, ila inadai seva iwe hai, kwa hiyo siihesabu. CR2032 mpya: dola 1, na kazi nzima ya kubadilisha ni bisibisi moja.

Google: kuna mpangilio wa akaunti isiyotumika, upo tangu 2013. Unachagua miezi ya ukimya, 3 ndiyo kidogo kabisa, ikipita inamwandikia mtu uliyemtaja na kumpa kile ulichoruhusu. Nimemweka binti. Fanya hilo hata kama hutaki seva wala nini, ju toka Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti zenye miaka 2 hakuna aliyeingia.

Laini ya simu njo shimo lenye watu hawalioni. Barua pepe, benki, WhatsApp, vyote vinatuma namba kwenye laini, na laini isiyotumika muda mrefu kampuni inaifunga na inaweza kumpa mtu mwingine. Nimeandika kwenye karatasi: laini isizimwe, iwekwe kwenye simu yoyote, iwekewe unite kila mwezi, mpaka kila kitu kihamishwe. PIN ya simu nimeandika, bila hiyo simu ni jiwe. PIN ya pesa za kwenye simu sijaandika, hiyo watapitia wakala na makaratasi ya msiba, nisije nikaweka mtu kwenye kesi.

17/02/2024 – Mazoezi ya pili

Safari hii sikukaa barazani, niliondoka kabisa nikaenda Bagira kwa mama. Seva niliacha imezimwa. Binti alichukua anvelopu, diski, laptopu ya rafiki yake. Parsele ilipatikana kabla sijafika Bagira, alinitumia picha ya skrini. Barua pepe ilichelewa kidogo ju herufi yangu ya "l" na tarakimu ya 1 zinafanana. Karatasi nimeichapa upya kwa herufi zenye kutofautisha, na nimeipitisha kwenye plastiki.

Karatasi yenyewe iko hivi, ukitaka kunakili:

"Mama Ushindi. Kitu cha kwanza: usifanye haraka, hakuna kitu kinachofutika wiki hii. Diski nyeusi yenye mkanda mwekundu iko kabatini, chomeka kwenye laptopu yoyote. Ikikuambia iformatiwe, CHOMOA, hiyo si yenyewe. Picha ziko ndani ya PICHA, makaratasi ndani ya MAKARATASI. Diski ya pili kama hiyo iko kwa mama Bagira. Ile mashini ndogo ya mezani unaweza kuizima, hakuna kitu ndani yake ambacho hauna. Usiiuze kabla Ushindi hajaifuta. Laini yangu usiizime. Maneno ya siri yako nyuma ya karatasi hii. Yenye tunadai na yenye tunadaiwa yako ukurasa wa pili."

Huo ukurasa wa pili ndio mama watoto alisoma kwa muda mrefu kuliko wote. Kuna maswali aliniuliza, tukayajibu huko chumbani.

Gharama mpaka leo: mashini 130, diski tatu 225, batri 140, chaja 30, kidude cha volti 12, waya na fyuzi 9, betri ya saa 1, plastiki na anvelopu 3, na onduleri 55 ambayo 20 zilirudi. Jumla 585. Ukitaka upande wa familia peke yake bila seva, ni diski mbili na anvelopu, dola 153 na laptopu ya kuazima, na ningekuwa naanza leo ningeanzia hapo, seva ingekuja baadaye.

Diski ya Bagira ni moja ya zile mbili za kwanza, nimeiondoa LUKS nikaiformati exFAT. Nachagua Bagira ju ni kilima kingine na moto wa Ibanda haufiki. Tunabadilishana kila nikienda kumwona mama, ile ya kabatini inapanda, ya kwake inashuka.

Bado: seva imebaki na diski moja, nataka kuiongezea nyingine nikipata pesa. Immich mpya imetoka, sijaipandisha, nangoja nione wengine wanasema nini. Na vyeti vya shule vya wadogo havijaskaniwa, skana ya kazini imeharibika.